Bukari Ndani ya Ampli

Watu wengine wakisikia harufu ya bukari, ugali wetu, iliyoungua hukumbuka njaa, au fimbo ya mama aliyewaachia sufuria waiangalie. Mimi nasikia gita la umeme. Juzi mwanafunzi anayepanga chumba kilicho jirani na changu pale Kasapa, karibu na chuo, aliacha bukari yake jikoni akaenda kuongea kwenye simu. Ikashika chini, ikaungua, harufu ikapita juu ya ukuta hadi kitandani kwangu. Kabla sijafungua dirisha, wimbo ulikuwa umeshaanza kichwani: kwanza ule mngurumo, halafu nyuzi, halafu sauti ya mama yangu.

Wimbo wenyewe mnaujua. Kama mlikulia Lubumbashi na mko na umri wangu, mliucheza kwenye harusi za dada zenu kabla hamjaelewa maneno yake. Mliuimba uwanjani timu yenu iliposhindwa na bado watu hawataki kwenda nyumbani. Tuliuimba tena tukiwa chuo, siku walipotufungia mlango wa ukumbi, tukiwa tumeketi chini kwenye jua. Kuna hata parokia zilizobadilisha maneno yake ili anayekataliwa awe Shetani. Unaitwa "Sitoke", yaani sitoki. Na kama mnaujua wimbo, mnaijua pia hadithi inayotembea nao: kwamba marehemu baba yangu alinguruma kutoka ndani ya ampli yake, kile kikuza sauti cha gita, ili ndugu zake wasimnyang'anye mjane wake vitu, na kwamba mngurumo ule ndio unaosikika katikati ya wimbo.

Hadithi hiyo si ya kweli. Nilikuwepo. Bukari ilikuwa yangu.

Tulikaa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uwanja mdogo mbele. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye karakana ya mgodi, na siku za mapumziko alipiga gita. Alikuwa amezaliwa Kipushi, mahali ambapo redio za ng'ambo ya mpaka zinaingia ndani ya nyumba bila kubisha, na kutoka huko alipata ugonjwa wa rock. Katuba nzima ilikuwa rumba na kwaya. Jirani zetu walisema anachopiga baba si muziki, ni kelele ya mashine. Baba aliwajibu kwamba wao wote wamelelewa na kelele ya mashine, basi waache kujifanya wageni.

Ampli yake aliinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa anaacha muziki ili aingie kanisani. Ilikuwa sanduku zito la mbao lililovikwa kitambaa cheusi, na nyuma yake kulikuwa na wavu ambao ukichungulia unaona taa ndogo za kioo zikiwaka rangi ya makaa. Kikundi chao hakikuwa na chombo kingine, kwa hiyo gita na maikrofoni vyote vilichomekwa humo. Sauti ya baba ilitoka ndani ya sanduku. Mama, aliyepiga gita la pili, alikaa juu yake wakati wa mazoezi, kwa sababu lilikuwa na joto na viti vilikuwa vya wageni.

Nilikuwa sijaanza shule baba alipougua na kufa. Wakubwa waliniambia amelala. Niliuliza mbona wanamwagia udongo mtu aliyelala. Wakaniambia amekwenda safari. Niliuliza mbona viatu vyake viko chini ya kitanda. Wakaniambia yuko kwa Mungu, na hapo nikaacha kuwauliza, kwa sababu niliona kila mmoja anabahatisha. Nikatafuta jibu langu. Sauti ya baba ilikuwa inakaa wapi siku zote? Ndani ya sanduku. Basi yumo humo. Hadi leo nikilipima jibu hilo naona lilikuwa na akili kuliko yao.

Na mtu aliye ndani ya sanduku lisilo na mlango atashikwa na njaa. Siku zote za kilio, mamama, wale akina mama wa mtaa, walipokuwa wanagawa chakula, nilificha tonge la bukari mkononi, nikazunguka nyuma ya ampli, nikalisukuma kwenye wavu. Siku moja niliongeza na ndagala, samaki wadogo wale wakavu, kwa sababu tonge tupu ni chakula cha mtu aliyekasirikiwa.

Umeme ulikuwa wa shida wiki ile, kulikuwa na délestage, mgao wa umeme. Zinki, mpiga ngoma wa kikundi, mchimbaji wa Kipushi ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake la ubatizo, alitaka kumpigia baba wimbo wa kuaga kabla ya maziko. Alichomeka gita, akafungua sauti hadi mwisho, na umeme ukakatika kabla hajapiga kitu. Akaliegemeza gita ukutani, akaenda kulia nje na wanaume wengine chini ya hema la turubai. Hakuna aliyekumbuka kuzima swichi, na umeme haukurudi siku zile zote.

Siku ya kumaliza kilio, familia ya baba iliingia ndani. Mbele yao alikuwa Baba Mukubwa, kaka yake mkubwa, aliyetoka Kipushi na camionnette, gari dogo la mizigo, ya kukodi. Sitaki mumwone kama jitu. Alikuwa amemlea baba, na kaburini alilia hadi wakamshika mikono. Lakini aliamini alichofundishwa, kwamba vitu vya marehemu ni vya ukoo na mwanamke anarudi kwao na nguo zake. Alikuja kuvichukua kwa utulivu wa mtu anayekuja kuchukua kilicho chake.

Mama alikuwa ameketi juu ya ampli.

"Mama, simama," Baba Mukubwa alimwambia. "Bantu beko banangoya na camionnette." Watu wake walikuwa wanangoja nje na gari.

"Mi nimeikala."

"Naona umeikala. Njo maana nasema simama."

"Tangu mulituletea maiti niko nasimama, nainama, napiga magoti. Sasa nimeikala."

Tantine, dada wa baba, alicheka kwa pua. "Ule mwanamuke iko kichwa nguvu. Kaka alikuwa anatuambia."

"Alikuwa anawaambia na kufurahi," mama akasema, "kama hamukusikia vizuri."

Vijana wawili wa ukoo walishainua meza. Hapo ndipo umeme uliporudi. Kwanza tulisikia Katuba nzima ikipiga ile kelele yake ya furaha, nyumba hadi nyumba. Halafu kitu kikagonga taratibu chini ya mama, na baada ya muda mfupi sanduku likaanza kunguruma. Gita lililokuwa ukutani likaitikia, sauti ikarudi ndani ya ampli, ikatoka kubwa zaidi, hadi sahani zikatetemeka kabatini. Na pamoja na sauti ikaja harufu. Bukari ilikuwa inaungua.

Vijana waliiangusha meza. Mtu mmoja aliita jina la baba. Baba Mukubwa alivua kofia yake na kuliambia sanduku, kwa sauti ya upole ambayo sijaisahau, "Ndugu yangu, hatukuya na mubaya."

"Muko nasikia harufu?" Tantine alinong'ona. "Bukari ya kuungua. Njo ile alikuwa anapenda." Ilikuwa kweli. Baba alikuwa akigombania ukoko wa sufuria na mimi.

Mama angeweza kunyamaza tu. Hilo ndilo ninalolizungusha kichwani tangu niwe mtu mzima. Hakuhitaji hata kudanganya. Chumba kizima kilikuwa tayari kupiga magoti, camionnette ingerudi Kipushi tupu, na mjane angebaki na nyumba yake akilindwa na mzimu. Nimewauliza wenzangu chuoni, wasomi wenye kofia za wasomi, na karibu wote wamesema wao wangenyamaza. Mama aliinua mkono, akazungusha kitufe, sauti ikashuka.

"Haina yeye," alisema. "Ni courant tu. Courant imerudia." Si baba, ni umeme uliorudi.

"Na bukari?" Baba Mukubwa aliuliza. Hakuwa anamdhihaki, alitaka kujua. "Courant inapika bukari?"

Nikasema mimi. "Njo mi nilimupana. Baba alikuwa na njala."

Tantine alikaa chini. "Mutoto anamulisha," alisema. "Mungu wangu, mutoto anamulisha kila siku."

Mama alinitazama. Nilidhani atanipiga kwa kuchafua ampli. Alisimama, kwa mara ya kwanza tangu waingie, akachomoa waya ukutani, akamwomba Zinki bisibisi. Akaligeuza sanduku, akafungua mgongo wake, akaniita mimi kabla ya wakubwa.

"Kuya, angalia. Hii ni lampu. Hii ni fil, waya. Hii ni bukari yako, ona namna imekauka, na ndagala. Baba iko wapi?"

Nilitafuta. Niliingiza mkono hadi kwenye pembe, nikashika vumbi na kipande cha mbao.

"Haiko," nilisema.

"Haiko. Baba alikufa, tulimuzika. Haiko mule, na hatarudia."

Nikalia, kilio changu cha kwanza chenye maana. Baadaye mamama wengine walisema mama ana moyo wa chuma, mtoto mdogo vile angemwachia kitu chake cha kushikilia. Sikubaliani nao, na sitakubali. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa amenipa baba wa uongo. Yeye peke yake ndiye aliyeniheshimu vya kutosha kunipa mfu wa kweli.

Alifunga mgongo wa sanduku, akakaza skrubu moja moja, akaketi tena juu yake.

"Sasa munisikie. Hakuna mufu mwenye anakatala hapa. Njo mi nakatala. Sitoke."

Hofu ilikuwa imeshaisha chumbani, yeye mwenyewe alikuwa ameifukuza, na hakuna kilichobaki kati yake na wale vijana. Waliinua tena meza. Mama Julie, jirani yetu muuza samaki, mwanamke mkubwa ambaye kiti kilimlalamikia, aliondoka kwenye mkeka wa wanaoomboleza, akatembea polepole, akakaa juu ya meza. Vijana wakaishusha, hawakuwa na njia nyingine.

"Mama, toka ku meza."

"Miguu inaniuma, mutoto wangu. Asha nipumuzike." Aliomba aachwe apumzike.

Mwingine akaenda kukaa juu ya cherehani. Wawili wakakaa kitandani kama wageni wanaongojea chai. Mmoja akakaa juu ya gunia la unga, mwingine akageuza sufuria kubwa na kukaa juu yake, akikunja kitenge chake vizuri. Mwanamume wa kwetu anaweza kubishana na mjane mchana kutwa, lakini hawezi kumshika mwanamke aliyeketi kwenye kilio na kumvuta. Hiyo nayo ni mila, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuitumia. Baba Mukubwa alizunguka chumba akitafuta kitu ambacho hakijakaliwa. Mwishowe aliondoka na kinga, baiskeli ya baba, kwa sababu ilikuwa imeegemezwa nje na hakuna aliyefikiria kwenda kuikalia. Nililia tena kwa ajili ya kinga ile.

Wimbo ulitoka hapo. Zinki alirudi baada ya majuma akamkuta mama anapiga mdundo uleule, mzito kama mtu anayekanyaga mahali pamoja. Maneno yake ni yale yaliyotokea: kamata meza, mi sitoke, kamata kinga, mi sitoke. Waliurekodi Katuba kwa fundi mmoja anayeitwa Patient, katika chumba kilichozungushiwa magodoro. Mashine yake ya kurekodi ilitumia betri ya gari, lakini ampli ilitumia umeme wa mji. Ili waitikie, mama aliwaita wanawake walewale, na aliwaambia waimbe wakiwa wameketi.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Gita likafa. Nilikuwa kwenye kona ya godoro na niliona Patient anainua mkono ili wasimame, lakini Zinki alikuwa amefumba macho, hakumwona, akaendelea kupiga. Wanawake nao wakaendelea, wakijipiga mapaja, sitoke, sitoke, bila kitu kingine. Halafu umeme ukarudi na sanduku likanguruma, mapema kidogo kuliko ngoma ilivyotaka, na mama akaurukia mngurumo ule kana kwamba alikuwa amepanga.

"Tutarudilia," Patient alisema walipomaliza. "Pale mu katikati iko mbaya, inaingia mbele ya ngoma."

"Haturudilie. Courant ilitutupa, na hatukuasha. Asha paka vile." Mama alitaka iachwe vilevile.

Patient alimtazama Zinki apate msaada. Zinki akasema, "Mi naogopa ule mama. We sema naye."

Ndiyo maana hadi leo vikundi vyote vinavyopiga "Sitoke", hata wale vijana wenye jenereta na vyombo vya kung'aa, huzima gita katikati na kulirudisha mapema kidogo. Kosa limekuwa sheria. Nimeona ukumbi mzima ukishusha pumzi katika kimya kile, watu wazima wakijipiga mapaja kwenye giza, wakingoja. Jirani waliosema ni kelele ya mashine ndio wanaopandisha sauti. Wimbo ulipita kwa madereva wa teksi, ukapita simu hadi simu, ukavuka mpaka ukarudi. Nyimbo nzuri zaidi zimekufa. Huu haufi, na nadhani ni kwa sababu katika mji huu kila mtu ana kitu ambacho mwenye nguvu alishawahi kumwambia asimame akiachie.

Mzimu je? Ulizaliwa Kipushi, mdomoni mwa Baba Mukubwa. Fikirini: alirudi na camionnette ambayo ndani yake mlikuwa na baiskeli moja. Angesema nini? Kuzuiwa na ndugu yako marehemu kunakupa heshima, watu wanakuinamia. Kuzuiwa na muuza samaki aliyekalia meza kunakufanya mtu wa kuchekwa. Akachagua, nami namwelewa. Lakini hadithi ilipanda juu ya mgongo wa wimbo na ikafika mbali kuliko yeye, na sasa kimya cha katikati watu wanasema ni mfu anavuta pumzi.

Trésor, niliyesoma naye, ana kipindi cha redio. Mwaka huu alitaka nije niisimulie hadithi ya mzimu kwa sauti ya mtoto wa marehemu. Nikamwambia nitakuja nisimulie ya umeme.

"Ma sœur, dada yangu," alisema, "bantu banapenda mufu. Courant, nani atasikiliza habari ya courant? Kila siku iko inatuchokesha."

"Basi utakosa mugeni."

"We na mama yako muko sawasawa."

Nilikataa bila kujua vizuri kwa nini nimekasirika kiasi kile. Nilikuja kujua kiangazi hiki. Mama Odile, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama, alifiwa na mumewe. Siku moja asubuhi alikuja kwetu na mkokoteni mtupu, akasema anaomba ampli ya mama hadi Jumamosi.

"Ya kupiga muziki?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ya kuweka tu mu salon. Bashemeki banakuya. Baione, baogope." Mashemeji zake walikuwa wanakuja, alitaka waione waogope.

Mama alicheka. "Bwana yako alikuwa anapiga gita?"

"Alikuwa chauffeur wa camion, dereva tu."

"Sasa ataingia mu ampli kufanya nini?"

Walicheka wote wawili, halafu Mama Odile akaacha kucheka na kushika mkokoteni wake. "Mama, we ulikuwa na mufu mwenye nguvu," alisema. "Mi wangu iko kimya."

Hapo nikaelewa mzimu ule umetuibia nini. Mwanamke huyu alikuwa ameucheza wimbo tangu usichana wake, anaujua hadi pumzi, na alichojifunza ndani yake ni kwamba kukataa kunahitaji mfu. Kama mume wako amekufa kimya, simama, fungasha, nenda. Wanaume waliokuja na camionnette walishindwa mbele ya wanawake walioketi, halafu wakaushinda wimbo kwa hadithi.

Mama alimwambia ampli haitoki. "Lakini mi nitakuya," alisema. "Na bengine. Uweke maji ya chai."

Jumamosi tulikuwa wengi. Mama Julie hawezi tena kutembea mbali, aliletwa juu ya mkokoteni uleule, akauliza kwa sauti kubwa meza iko wapi. Mimi nilipewa friji kubwa ya kulala, ile iliyo kama sanduku, ambamo Mama Odile anagandisha maji ya kuuza, kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani mle. Nikapanda, nikakaa, miguu yangu haikufika chini. Mashemeji waliingia kwa adabu, wakasalimia, wakaona kila kitu kimekaliwa. Mmoja wao, kijana wa umri wangu mwenye shati safi, alikuja kusimama mbele yangu.

"Dada, simama kidogo."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ulirudi wakati ule ule, kelele ya mtaa ikapita nyumba hadi nyumba, na friji ikatetemeka chini yangu na kuanza kunguruma. Kijana aliruka nyuma. Niliona macho yake yanatoka kwangu, yanashuka kwenye friji, na midomo yake inaanza kutafuta jina la marehemu.

"Ni courant tu," nilimwambia, na nikakaa vizuri.